Kina Kinapodai Uongo

Aghalabu vijana waanzao kutunga huuliza: ni kipi kimfanyacho mtu kuwa mwandishi mzuri? Wako wajibuo kuwa ni kipawa. Wengine husema ni kusoma sana na kuijua lugha. Siyapingi majibu hayo. Lakini nionavyo, liko jambo la tatu, ambalo pasipo hilo mawili hayo huwa bure: kukataa uongo hata pale unapopendeza sikioni.

Zamani nilitunga shairi la kumlilia jirani yetu, mvuvi. Kina cha mwisho kilikuwa “ma”, nami nilipokosa neno nikasema marehemu alikuwa mtu wa huruma. Hakuwa hivyo. Alikuwa mkali, mchache wa maneno, ila hakupata kuvunja ahadi. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akasema: “Mwanangu, mizani imetimia. Lakini huyo uliyemlilia mimi simjui.”

Nilirudi nyumbani nimetahayari. “Ahadi” haikuingia katika kina changu. Ikanibidi nizifute beti zote, nianze upya kwa “di”.

Pengine msomaji atasema kwamba ushairi una ruhusa ya chuku. Kweli unayo. Lakini atiaye chuku anajua, na amsikilizaye naye anajua. Wote wawili hucheka au hulia pamoja. Uongo ni ule aujuao mtunzi peke yake, akautumaini usigunduliwe.

Na tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu kwa miaka mingi, hata Mwalimu Sikujua akamsaidia W. E. Taylor kuzikusanya. Zilipochapwa kuwa diwani mwaka 1940, mtunzi alikuwa kaburini yapata karne nzima. Vina na mizani vilizisaidia kukumbukwa, sikatai. Lakini ni nani ajitwikaye maneno ya mwenziwe miaka yote hiyo, ikiwa hajioni ndani yake?

Leo karatasi hubeba kila kitu, wala haichagui. Kazi ya kuchagua, iliyokuwa ya vifua vya watu, imemwangukia mwandishi mwenyewe. Basi kijana akiniuliza, nitamwambia: jifunze vina na mizani mpaka vikutii. Kisha, siku kina kitakapokudai uongo, uwe na moyo wa kukiacha kina.