Baada ya Akika, Nani Anarudi?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, siku ya saba mbuzi anachinjwa, mtoto anapewa jina, nyumba inajaa watu. Tunakula, tunaomba dua, tunasema mtoto amefanana na babu yake. Siku ya nane mama anabaki na masufuria. Hapa Simi-Simi wengi wetu tumeona mzazi ameketi kimya, mtoto analia, naye anamtazama kama mtoto wa jirani. Na maneno tunayajua: hana shukrani, imani yake ndogo, amerogwa.

Je, mama akikosa furaha baada ya kujifungua, amekosea?

Maryam (a.s.), aliyeteuliwa juu ya wanawake, aliposhikwa na uchungu chini ya mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile (19:23). Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji, akapata tende, na akapewa ruhusa ya kutozungumza na mtu (19:24-26). Mama wa Musa (a.s.) naye moyo wake ulibaki mtupu mpaka Allah akautia nguvu (28:10). Hao ni bora kuliko sisi. Anayemwambia mzazi wa leo kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani, amesoma wapi?

Wengine watasema: sisi tunawatembelea. Ni kweli, lakini tunatembelea vipi? Huko Pakistani, katika vijiji vya Rawalpindi, wanawake wa afya wa vijijini, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea nyumbani mama waliokuwa na ugonjwa wa huzuni, tangu mimba hadi baada ya kuzaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi 6, mama waliokuwa bado wagonjwa walikuwa 23 katika kila 100. Kwa wenzao, waliotembelewa mara zile zile na wanawake wasiopata mafunzo hayo, walikuwa 53. Hesabu ya ziara ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika kusikiliza na kumhusisha mume na mama mkwe.

Mtoto mchanga naye anasoma uso wa mama kabla ya kujua neno lolote. Uso ule ukifungwa miezi mingi, mtoto anaweza kuacha kuita. Sisi tunamsifu kwamba ni mtulivu!

Wanaume msidhani haya ni ya wamama peke yao. Mtume (s.a.w.) akisikia mtoto analia alifupisha sala ya jamaa, kwa kujua uzito ulio moyoni mwa mama yake. Na chakula na mavazi ya anayenyonyesha viko juu ya baba (2:233). Wale waliokuwa wachanga mgongoni mwa mama zao katika vita vya siku sita, Juni 2000, leo ndio wanaozaa. Baadhi yao mama zao hawapo tena wa kuja kuwaogeshea mtoto.

Basi mwenye kujua nyumba yenye mzazi, siku ya nane apeleke maji na uji, aoshe vyombo, amshike mtoto mama alale. Aulize habari za mama kabla ya mtoto, na asipojibiwa asikasirike. Arudi juma linalofuata. Mama akisema anataka kufa, au anaogopa kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile, hata usiku.

Wabillahi tawfiq.