Ukaidi ni wa Nani?

Hasira kubwa za wanadamu zimeandikwa katika vitabu vya historia na katika hukumu za mahakama, lakini hasira ndogo hazina mwandishi. Hata hivyo, tabia ya mtu hujengwa zaidi na hizo ndogo, kwa kuwa kubwa humjia mara chache katika maisha yake, na ndogo humjia kila siku. Basi si aibu kwa wanafunzi kulichukua jambo dogo, hata la kuchekesha, na kuliuliza swali kubwa. Jambo lenyewe ni taabu ya kumfundisha kilebu, yaani mtoto wa mbwa, asichafue nyumba. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki kumkasirikia na kumwadhibu kiumbe kwa kosa asilolijua?

Huenda msomaji akasema kuwa taabu hii ni ya kujitakia. Katika nyumba nyingi za Kenya mbwa hulala nje, hulinda boma, na haja zake ni siri yake na vichaka. Katika miji ya pwani, ambako nyumba ni mahali pa sala na udhu, Waislamu wengi hawamruhusu mbwa kuvuka kizingiti. Lakini katika miji mikubwa kama Nairobi wako watu wanaokaa katika nyumba za ghorofa, wasio na boma wala kichaka, nao hufuga mbwa wa jamii ndogo ndani. Hao ndio waijuao taabu hii. Aliye mbali nayo na aicheke akipenda, lakini asiondoke kabla ya kulisikia swali, maana halimhusu mwenye mbwa peke yake.

Miongoni mwa mbwa wadogo, mmoja amepata sifa ya ukaidi kuliko wengi. Wajerumani humwita Dachshund. Kiwiliwili chake ni kirefu, miguu yake ni mifupi sana, masikio yake yamelala, na macho yake yana upole unaomdanganya mgeni. Mwenye nyumba huamka alfajiri akamtoa nje. Kilebu hunusa ukoka, humtazama kipepeo, kisha huketi. Robo saa hupita. Mwenye nyumba huamuru, husihi, hubembeleza; kilebu humtazama kama mtu asikilizaye lugha ya kigeni. Hurudi ndani wote wawili, na kabla mlango haujafungwa, kijito chembamba kimekwisha kutambaa juu ya zulia. Wakati wa masika mambo huzidi kuwa magumu. Mbwa ambaye tumbo lake linakaribia kugusa ardhi hapendi nyasi zilizolowa; hufika kizingitini, huona manyunyu, hugeuka. Siku ya kwanza mwenye nyumba hucheka. Siku ya kumi huguna. Siku ya thelathini huinua kiatu, na neno linalomtoka ni moja: mkaidi!

Neno hili ni zito kuliko linavyotamkwa. Kumwita kiumbe mkaidi ni kumshitaki, na mashitaka hayo husimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, mshitakiwa awe anajua analotakiwa kulifanya. Pili, awe anaweza kulifanya. Tatu, awe amekataa kwa hiari yake. Nguzo moja ikianguka, mashitaka yote huanguka. Na tuzipime moja moja, kama hakimu mwadilifu apimavyo ushahidi kabla ya kutaja adhabu.

Je, kilebu anajua? Kwa maumbile yake mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Vilebu wakishapata nguvu za kutembea hujitenga na malazi yao wanaposhikwa na haja. Huo ni msingi mwema, lakini msingi si nyumba. Kilebu anayajua malazi yake. Hajui kuwa sebule, ujia na chumba cha wageni vyote ni malazi ya bwana wake. Kwake yeye zulia ni kitu laini kinachonyonya maji, kama nyasi. Tena pua yake humwambia mengi kuliko macho yake. Mahali alipokojoa jana humwita leo, na maji matupu hayaiondoi harufu hiyo hata kama pua ya binadamu hudhani imekwisha. Dawa za kusafishia zenye amonia huweza kuongeza matata, kwa sababu harufu yake hukaribiana na ya mkojo. Mwenye nyumba hudhani amepiga deki, kumbe amempakia kilebu alama mpya ya msala.

Hapa wengi hupinga na kusema, "Anajua sana! Nikiingia tu huinamisha kichwa na kuficha mkia. Dhamiri inamsuta." Hoja hii ina nguvu, nayo imekwisha kupimwa. Mwaka 2009 mtaalamu wa tabia za mbwa huko Marekani, Alexandra Horowitz, alitangaza matokeo ya jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Kila mbwa alikatazwa na bwana wake kula kipande cha chakula, kisha bwana akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa ametii au hakutii, lakini mara nyingine aliambiwa lisilo kweli. Ikaonekana kuwa ile sura ya mkosaji haikufuata kosa, bali ilifuata makaripio. Mbwa aliyetii lakini akakemewa aliinama kama mwenye hatia, na kuinama kwake kulizidi kwa mbwa aliyekosa kweli. Basi ile tunayoiita dhamiri yaweza kuwa hofu tu, na mbwa anayeinama mbele yetu huwa ameusoma uso wetu kabla ya kuisoma sakafu.

Je, kilebu anaweza? Kilebu wa miezi 2 ana kibofu kidogo, na misuli yake haijakomaa. Wafugaji hukadiria kuwa huweza kujizuia mchana kwa muda wa saa 1 hivi kwa kila mwezi wa umri wake. Basi kilebu wa miezi 2 akifungiwa ndani saa 5 amehukumiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Na kadiri mbwa alivyo mdogo wa kimo, ndivyo kibofu chake kilivyo kidogo. Mara nyingi anachokiita mwenye nyumba kiburi ni udogo wa mwili tu.

Je, kilebu amekataa? Hapa yatupasa kukumbuka alikotoka. Katika Kijerumani neno Dachs ni jina la mnyama wa Ulaya achimbaye mashimo, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, na neno Hund maana yake ni mbwa. Kwa vizazi vingi wawindaji wa Ujerumani walichagua mbwa wenye miguu mifupi na moyo mkali, wapate kuingia mashimoni na kupambana na mnyama huyo gizani. Wale wadogo zaidi walitumiwa kuwinda sungura. Chini ya ardhi hakuna bwana wa kutoa amri. Mbwa aliyengoja kuambiwa hakufaa. Aliyekata shauri mwenyewe alisifiwa, akazalishwa. Mwaka 1888 wafugaji wa Ujerumani waliunda chama cha kulitunza kabila hilo la mbwa. Kwa hiyo ile tabia ya kutaka kuambiwa mara kumi si uasi wa kilebu mmoja katika nyumba moja. Binadamu ndiye aliyeiagiza, akaitengeneza, akaisafirisha hadi mlangoni pake. Sasa amepokea mzigo wake mwenyewe, na analalamika kuwa ni mzito.

Nguzo zote tatu zimeyumba. Lakini yuko atakayesema kwamba haki ni jambo moja na mafanikio ni jambo jingine: hata kama si haki kumpiga, pengine kipigo kitamfundisha. Ni kweli kwamba adhabu hufundisha, ila haifundishi kila mara somo lililokusudiwa. Mnyama huunganisha tendo na kinacholifuata papo hapo. Kilebu apigwaye, au asuguliwaye pua katika uchafu wa saa iliyopita, hajifunzi kwamba zulia si mahali pa haja. Hujifunza kwamba mkono wa bwana wake una maumivu, na kwamba ni hatari kukojoa bwana akiwapo. Matokeo yake, nje mbele ya bwana hujizuia, na ndani nyuma ya kiti hujisaidia kwa siri. Bwana huiona hila hiyo akaongeza fimbo, na fimbo ikaongeza hila. Adhabu iliyoitwa kuliua kosa imegeuka kuwa mlezi wa kosa.

Je, iko njia nyingine? Iko, nasi hatuna haja ya kuitafuta mbali. Simlinganishi mtoto wa binadamu na mtoto wa mbwa. Nalinganisha mlezi na mlezi. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, walichapisha habari za akina mama wa Kidigo wa pwani ya Kenya. Mama hao walianza kumzoeza mtoto haja tangu majuma ya kwanza ya maisha yake. Mama aliketi chini amenyoosha miguu, akamweka mtoto katikati, akatoa sauti ndogo ya kumwashiria. Mtoto alipokojoa, alinyonyeshwa na kukumbatiwa. Jambo hilo lilirudiwa mara nyingi, mchana na usiku. Kufikia umri wa miezi 4 hadi 6, watoto hao walikuwa wamezoea kwa kiasi kikubwa, katika umri ambao madaktari wengi wa nchi za Magharibi walidhani kuwa mafunzo hayawezekani kabisa. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa katika macho ya mama. Yeye ndiye aliyetangulia kujifunza: alizijua dalili za mwanawe, alijua saa yake, na furaha yake ilifika kabla ya hasira yake.

Mwenye kilebu naye hutakiwa kutangulia kujifunza. Humtoa nje kila aamkapo, kila alapo na kila amalizapo kucheza. Humpeleka mahali pale pale, ili pua imkumbushe. Akifanya vema, humsifu na kumpa kipande cha chakula papo hapo, si baada ya kurudi ndani. Akikosea, hufuta na kuiondoa harufu bila makelele, kisha hujiuliza ni dalili gani iliyompita. Mvua ikinyesha, hushika mwavuli akatoka naye. Kazi hii huchukua majuma mengi, na kwa mbwa wengine wadogo huchukua miezi. Haba na haba hujaza kibaba, na siku nyingine kibaba humwagika kikaanza upya.

Asije mtu akadhani kwamba tunausifu ulegevu. Mlegevu husema, "Mwache, ni mdogo tu," akavumilia kwa mbwa mdogo uchafu ambao asingeuvumilia kwa mbwa mkubwa hata siku moja. Huruma yake ina mwisho mbaya, kwa sababu watu wa nyumbani huchoka, na kilebu asiyefunzwa huishia kufungiwa uani au kutupwa barabarani. Mkali na mlegevu huonekana kuwa maadui, lakini kosa lao ni moja: wote wawili wameikimbia kazi ya kuangalia. Mmoja ameweka fimbo mahali pa kazi hiyo, na mwingine ameweka maneno matamu.

Wala hatusemi kwamba ukaidi haupo duniani. Mtu mzima aliyeelezwa akaelewa, mwenye nguvu za kutenda, asiye na kizuizi, kisha akakataa kwa kupenda, amestahili lawama, na kumwondolea lawama ni kumnyima heshima ya kuwa mtu. Tunalosema ni kwamba lawama hiyo ina bei, na bei yake hulipwa kwanza na mwenye kulaumu. Hana budi kuthibitisha kuwa alifundisha, na kuwa aliyefundishwa alielewa na aliweza.

Nanyi wasomaji, wengi wenu hamna mbwa ndani ya nyumba, lakini kila mmoja wenu ana au atakuwa na mtu aliye chini yake. Kiranja ana mwanafunzi mgeni asiyejua maana ya kengele ya pili. Kaka na dada wana mdogo wao asiyeshika hesabu. Kesho mtakuwa wazazi, walimu, wasimamizi wa kazi. Sheria imeweka mipaka yake: Sura ya 360 ya Sheria za Kenya humtia hatiani ampigaye mnyama kwa ukatili, na Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 humlinda kila mtu asipewe adhabu ya viboko. Lakini sheria husimama mlangoni. Ndani ya nyumba, usiku, mbele ya dhaifu asiyeweza kujitetea wala kushitaki, mtu hubaki na dhamiri yake. Pale ndipo neno "mkaidi" hutoka kwa urahisi, kwa kuwa hakuna wa kulijibu.

Kwa hiyo, kila neno hilo linapofika mdomoni, ni vema kulizuia kwa muda wa kuuliza maswali matatu: Je, anajua? Je, anaweza? Je, nilimfundisha? Majibu yakiwa ndiyo yote matatu, sema. Jibu moja likiwa hapana, chukua tambara ufute sakafu, na kesho alfajiri mtoe nje tena.