Je, Ni Dhambi Kumfungulia Moyo Mtu wa Mbali?



Hivi karibuni wazee wa kanisa walituletea shauri. Mama mmoja wa ushirika wetu alikuwa akionekana kila wiki akipanda kilimani, kule mtandao unakopatikana, na kukaa karibu saa nzima akiongea kwa simu. Watu wakaanza kusema maneno. Tulipomwita, alijibu wazi: anaongea na mshauri nasaha aliye mbali, juu ya mambo aliyoyaona Kongo siku ya kukimbia, na juu ya ndoa yake. Wazee wakauliza: Je, aliyeokoka anaweza kupeleka mzigo wake kwa mtu asiyemfahamu, badala ya kuupeleka kwa Mungu na kwa mchungaji?

Kwanza tukumbuke kwamba jeraha la moyo si upungufu wa imani. Eliya, nabii wa moto, alikaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji mara mbili, ndipo baadaye akasema naye. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba katika nchi zilizopigwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Basi hesabuni benchi mnaloketi Jumapili.

Pili, msaada unaopita katika chombo si mchezo. Hapa hapa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, kina mama wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikaa kwa vikundi wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa kwa sauti, vikao vitano, ya namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mateso yao ya moyo yalipungua kuliko ya wenzao waliopata msaada wa kawaida. Huko Lebanoni nako, wakimbizi wa Siria walisaidiwa kwa programu ya simu, pamoja na mtu aliyefundishwa wa kuongea nao kila wiki.

Lakini jambo la tatu ndilo lililotuchoma. Tulimwuliza yule mama, "Kwa nini hukuja kwetu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchungaji, nilikuja. Wiki ile ile mkaiombea nyumba yangu mbele ya watu wote."

Ni kweli. Tulifanya hivyo. Tulidhani ni maombi, kumbe ilikuwa kutangaza siri. Kufika jioni habari ilikuwa imefika kisimani. Yesu mwenyewe, katika uchungu wake Gethsemane, aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye, nao wakalala. Sisi hatukulala tu, tulisema. Tumemwomba msamaha, naye ametupa ruhusa tuyaandike haya bila kumtaja.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: si dhambi. Mungu aliyetumia malaika na mkate anaweza kutumia sauti ya mtu wa mbali. Dhambi ni ya yule aliyekabidhiwa siri akaimwaga, hata kama ameimwaga kwa magoti.

Hata hivyo, tuwe na busara. Anayedai fedha mapema, au anayeahidi uponyaji kwa siku moja, au asiyetaka kusema amefundishwa wapi, tumwepuke. Nyumba yenye kipigo, tusimlazimishe mke kuongea na mshauri huku mumewe akisikiliza. Kwanza awe salama. Na mtu anayesema anataka kujiua, tusimwambie asubiri mtandao: tukae naye, tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tena simu haichoti maji, wala haishiki mtoto. Hiyo ni kazi yetu. Anayepanda kilimani kuongea, jirani amlelee watoto kwa saa hiyo, wala asiulize walichozungumza.

Tangu sasa hatutaleta shida ya mtu mbele ya ushirika bila yeye kuturuhusu. Mkituona tumesahau, mtukumbushe.

Bwana awafariji.