Mchezo Usiotakiwa: Usiotakiwa na Nani?



Jumapili moja baada ya ibada, baba mmoja aliniomba nimwonyeshe namna ya kuondoa michezo katika kompyuta ya nyumbani kwake, kwa kuwa watoto wake hawashiki tena vitabu. Nilimwonyesha, maana ni kazi ya dakika mbili. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba nimemjibu nusu tu. Nusu ya pili niliijua kwa kukosea, na ndiyo ninayotaka kuwaandikia leo.

Tuanze na ile rahisi. Watu wengi hufuta picha ndogo ya mchezo inayoonekana kompyuta ikiwaka, kisha hudhani wamemaliza. Bado. Ile picha ni njia ya mkato tu, kama kibao cha barabarani. Ukikiondoa kibao, kijiji hakihami. Katika Windows 10 na 11, fungua menyu ya Start, tafuta jina la mchezo wenyewe, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua neno Uninstall, maana yake ondoa. Kabla ya kuondoa, kompyuta itakuuliza tena kama kweli unataka. Swali hilo mimi nililijibu upesi mno.

Kwetu tuna laptopu ya mtumba. Tuliinunua kwa fedha za mahindi pamoja na akiba ya mama watoto katika kikundi chao. Hatuna umeme wa nyumbani. Betri tunaichajisha kwa jirani mwenye sola, na kila mara tunalipa. Kwa hiyo kila saa ya kompyuta ina bei yake. Tulikubaliana kwamba ni ya masomo. Lakini ndani yake ulikuwamo mchezo wa karata wa mtu mmoja, ule unaokuja pamoja na Windows. Kijana wangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Senior Four. Usiku mmoja nilimkuta anacheza, na usiku wa pili vilevile. Alipolala nikaiwasha kompyuta, nikauondoa mchezo. Nilipoulizwa kama nataka kweli, nikajibu ndiyo. Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Asubuhi hakulalamika kijana. Aliyelalamika ni mama yake. Kumbe alikuwa akifundishwa na mwanawe kushika kipanya kwa mchezo ule: kubofya karata, kuiburuta, kuiacha mahali pake. Alitaka siku moja aweze kuandika hesabu za kikundi chake katika kompyuta, na mkono wake ulikuwa umeanza kutii. Jambo hilo si geni. Mchezo huo uliwekwa katika Windows tangu mwaka 1990, wakati watu wengi walikuwa hawajawahi kugusa kipanya, na wengi walikizoea kwa kucheza karata hizo. Na mchezo huohuo umewahi kumponza mtu. Mwaka 2006 meya wa New York, Michael Bloomberg, alimfukuza kazi mfanyakazi mmoja wa serikali ya mji baada ya kuuona kwenye kompyuta yake. Karata ni zilezile. Kwa mmoja zilikuwa darasa, kwa mwingine zikawa hasara.

Nilifikiri nitaurudisha tu. Lakini kuurudisha kunahitaji intaneti, na intaneti hapa kambini hununuliwa kwa vocha. Kuondoa ilikuwa bure, kurudisha ilikuwa kwa fedha.

Na kijana je, alirudi kwenye vitabu? Hapana. Alianza kwenda kwenye kibanda cha video kule sokoni. Mwanzo alikuwa akipoteza saa moja mbele ya macho yangu. Sasa alipoteza tatu mahali nisipomwona. Mnakumbuka ile nyumba katika Injili ya Mathayo, iliyofagiwa na kupambwa lakini ikaachwa tupu, na aliyetoka akarudi na wengine saba. Nilifagia vizuri sana, wala sikuweka kitu chochote mahali pale.

Nilimwita nimkemee. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema: “Baba, naomba unisamehe nikisema. Ule mchezo ulikuwa unaandika hesabu ya mara zote ulizochezwa. Nyingi hazikuwa zangu.”

Nilinyamaza. Ni kweli. Usiku ambao usingizi haukuja, mimi pia nilicheza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwangu niliita kupumzisha akili. Kwa kijana niliita uvivu.

Siku zilizofuata nilijiuliza kwa nini nilicheza. Sikuwa na furaha wakati wa kucheza, wala huzuni haikunitoka. Nadhani sababu ni kungoja. Sisi hapa tunangoja kila kitu: tunangoja mgao, tunangoja jina kwenye ubao, tunangoja kuitwa kwa mahojiano, tunangoja habari za nyumbani. Faili ya mtu inaweza kukaa miaka bila jibu. Karata zina jibu baada ya dakika chache: umeshinda au umeshindwa, anza tena. Mtu ambaye maisha yake hayamaliziki hupenda kitu kinachomalizika. Kwa hiyo nilipouondoa mchezo niliondoa dalili, na ugonjwa ulibaki kwangu na kwa mwanangu pia.

Hapa ndipo lilipo swali la maadili. Tunasema “mchezo usiotakiwa”. Usiotakiwa na nani? Mimi sikuutaka kwa ajili ya kijana. Mama aliutaka kwa ajili ya mkono wake. Kijana aliutaka, na moyoni mwangu hata mimi niliutaka. Kompyuta ilikuwa yetu sote, lakini aliyejibu ndiyo alikuwa mtu mmoja, usiku, wengine wamelala.

Wengine watasema: baba ana mamlaka nyumbani, hana haja ya kuomba ruhusa kwa watoto. Nakubali sehemu. Mtoto wa miaka mitano haulizwi kama anataka kuchezea kisu. Mchezo wa kamari unaokula fedha za chakula, au wa kuua watu unaomkosesha mtoto usingizi, hasa mtoto aliyekwisha kuona damu kwa macho yake, mimi ningeuondoa leo kabla ya jua kuzama. Tena karata zisizo na fedha ndani yake si kamari, tusizichanganye. Lakini hata katika hayo, mamlaka ya kuamua si ruhusa ya kuamua kwa siri. Ukiondoa mbele ya mtoto na kumwambia sababu, umemfundisha kupima. Ukiondoa usiku, umemfundisha kwamba mwenye nguvu hungoja wengine walale. Naye siku moja atakuwa mwenye nguvu.

Nasi wakimbizi tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Wengi wetu tuliamuliwa mambo yetu na watu ambao hawakutuuliza. Tunajua uchungu wa kuamka na kukuta kitu chako hakipo. Karata si shamba wala nyumba, sitaki kulinganisha. Lakini mazoea ya kutouliza huanzia katika vitu vidogo, tena kwa watu tunaowapenda.

Basi tulikaa chini, sisi watatu. Nilimwomba msamaha mama watoto, kisha kijana, na haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Tulipitia orodha ya programu zote, moja baada ya nyingine, na kila mmoja alisema anatumia nini na kwa nini. Michezo mitatu ambayo hakuna aliyeitetea tuliiondoa, na kijana mwenyewe ndiye aliyebofya. Karata tulizirudisha tulipopata vocha. Betri ikijaa, saa za kwanza ni za vitabu, nusu saa ni ya mama, na kinachobaki ni cha yeyote. Mimi nilikubali kutowasha kompyuta usiku peke yangu. Usingizi ukikataa, namwamsha mama watoto tuzungumze, au natoka nje nitazame nyota.

Sisemi kwamba kila kitu kimenyooka. Kijana bado huenda kwenye kibanda cha video mara mojamoja, lakini sasa huaga. Mtihani ameufanya, na matokeo tunayangoja kama tunavyongoja mengine.

Kwa yule baba aliyeniuliza, namwongezea nusu niliyomnyima: kaa kwanza na watoto wako mchana, mkiwa macho wote, uwaulize mchezo ule unawapa nini. Uwaambie pia nini utaweka mahali pake. Kisha, kama bado ni lazima, bofyeni pamoja.

Bwana azilinde nyumba zenu.