Je, Sifa ni Deni?

Duniani kuna madeni ya namna mbili. La kwanza ni la fedha: huandikwa, mdai hulijua na mdaiwa hulijua, na wakigombana baraza huamua. La pili ni la sifa, nalo haliandikwi popote. Mtu akitenda kazi ya kutufaa, nasi tukaitumia kazi hiyo bila ya kumtaja, je, tumemdhulumu, au tumesahau jambo dogo tu? Swali hili, msomaji, nakuomba ulipime pamoja nami kwa mfano wa kweli.

Siku hizi kompyuta ni jina la mashine. Zamani, katika lugha ya Kiingereza, lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kufanya hesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliwaajiri wanawake wenye elimu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, wahesabu njia ya kombora la mzinga angani. Hesabu ya njia moja tu ilimchukua mtu kati ya saa 20 na 40. Vita havikungoja. Kwa hiyo John Mauchly na Presper Eckert walibuni mtambo wa umeme ulioitwa ENIAC. Uzito wake ulikuwa tani zipatazo 30, na ndani yake zilikuwamo taa za kioo karibu 18,000, za jinsi ya zile zilizotumika katika redio za kale.

Lakini mtambo, hata uwe mkubwa namna gani, haujui la kufanya mpaka uagizwe. Mwaka 1945 wanawake sita walichaguliwa kuifanya kazi ya kuuagiza: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha, maana kazi yenyewe ilikuwa ngeni. Mwanzoni, kwa sababu ya siri za vita, hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani mwa mtambo. Walijifunza kwa kusoma michoro yake na kuwauliza wahandisi. Kisha waliigawa hesabu kubwa vipande vipande, wakaamua kila kipande kifanywe wapi na lini, wakaunganisha nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao. Mpango wa maagizo wa namna hii ndio tuuitao leo programu.

Tarehe 15 Februari 1946 mtambo ulizinduliwa mbele ya wageni. Kombora lililohesabiwa lingekaa angani sekunde 30. ENIAC iliimaliza hesabu yake kwa sekunde 20. Wageni walistaajabu. Programu ya onyesho lile ilikuwa kazi ya Jennings na Snyder. Usiku ule ilifanywa karamu, na wanawake wale, kama Jennings alivyosimulia uzeeni, hawakualikwa. Picha zao zilibaki, majina yakapotea. Miaka 40 hivi baadaye mwanafunzi mmoja, Kathy Kleiman, aliziona picha hizo akauliza hao ni nani. Aliambiwa kuwa ni warembo tu, waliosimamishwa pale ili kuupamba mtambo.

Labda utasema kwamba hapana dhara, kwani chema chajiuza, na mtu mwema hafanyi kazi kwa kutaka sifa. Hoja hii ina sura nzuri, lakini inachanganya wajibu wa watu wawili. Unyenyekevu ni wajibu wa aliyetenda. Shukrani ni wajibu wa aliyetendewa. Nikikukopesha kisha nikanyamaza, kimya changu ni hisani yangu. Hakilifuti deni lako.

Labda utasema tena kwamba hesabu ilitoka sahihi, na hilo latosha. Ni kweli hesabu haikuharibika. Kilichoharibika ni ujuzi wetu wa mambo yalivyokuwa. Waliojenga mtambo walihesabiwa kuwa wenye akili, na kazi ya kuuagiza ikadhaniwa kuwa ukarani. Tena, msichana anayesomeshwa historia isiyo na wanawake hufunzwa, bila ya kuambiwa neno, kwamba mlango ule haukuwa wake. Kleiman alianza kuuliza kwa kuwa aliona wanawake wakipungua kila alipopanda darasa la kompyuta. Basi kumnyima mtu sifa yake si kumdhulumu yeye peke yake. Ni kumdhulumu na yule ambaye angefuata nyayo zake.

Wala tusidhani kuwa kuwataja sita hawa ni kuwapokonya Mauchly na Eckert heshima yao. Mkate ukigawanywa hupungua. Sifa ya haki ikigawanywa kila mtu hubaki na kipimo chake. Wazee wetu walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama mnyonge hanyimwi haki yake, atanyimwaje aliyetutendea wema?

Mwaka 1997 chama cha kimataifa cha wanawake wa teknolojia kiliwatia wote sita katika orodha yake ya heshima. Deni lililipwa, lakini kwa kuchelewa. Ruth Lichterman alikuwa amefariki mwaka 1986. Heshima iliyochelewa huwafundisha walio hai, nalo ni jambo jema, ila haimfikii tena mwenyewe.

Nawe, msomaji, huna mtambo wa tani 30, lakini madeni ya jinsi hii unayo. Darasani mwako yumo anayetafuta jawabu, na yumo anayesimama kulisoma akapigiwa makofi. Nyumbani kwenu yumo aliyeamka kabla ya jogoo ili wewe uwahi shule. Ukisifiwa kwa kazi ambayo mkono wa mwingine umo ndani yake, mtaje kwa jina lake, mbele ya wale wale wanaokusifu, naye angali anasikia.