Nilihesabu Mbele Yake

Hebu nikuulize, msomaji: anayekurudishia mali yako anakudai nini?

Nilishuka daladala pale Manzese mbiombio, pochi ikadondoka. "Braza! Braza, umedondosha!" Dogo wa miaka kama tisa alinikimbilia na sinia lake, karanga zikimwagika njiani. Nikaipokea, nikaifungua, nikahesabu. Shilingi 12,000, zote zimo. Nilipoinua macho nikamkuta ananitazama ninavyohesabu.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa mapokezini kana kwamba zimeokotwa, katika nchi 40, Kenya ikiwemo. Ajabu ni kwamba katika nchi nyingi pochi zenye pesa zilirudishwa zaidi kuliko zisizo na pesa. Watafiti wakaeleza kuwa, pamoja na kumjali mwenzake, binadamu hapendi kujiona mwizi.

Basi yule dogo hakutaka kujiona mwizi. Mimi, kwa kuhesabu tu, nikamwita mwizi bila kufungua kinywa. Nikampa mia tano. Akapokea kimya, akarudi kuokota karanga zake.

Siku hizi nikirudishiwa kitu nakitia mfukoni kwanza, nasema asante. Kuhesabu, nitahesabu nyumbani.