Safari Sifuri

"Jana ulifanya safari ngapi?"

Nilikuwa Mbagala, Dar es Salaam, mdadisi wa muda katika utafiti wa usafiri. Mama niliyemuuliza alijibu: "Sikutoka. Nilikuwa niende kliniki, mwanangu, lakini nauli ilikuwa ya kwendea tu." Dodoso halikuwa na nafasi ya maelezo hayo. Nikaandika 0, nikamshukuru, nikabisha hodi kwa jirani.

Sifuri ile imenikaa rohoni kuliko namba nyingine zote nilizoandika siku hiyo.

Wanaopanga usafiri wa miji huanzia kwenye majibu kama hayo. Tangu miaka ya 1950, kwenye miji ya Marekani kama Detroit na Chicago, hesabu yao imekuwa ikiuliza: safari ngapi zinaanzia mtaa huu, zinaishia wapi, kwa chombo gani, kwa njia ipi. Kujua zinaishia wapi, mara nyingi huazima wazo la Newton la mvutano: maeneo yenye watu na shughuli nyingi huvutana zaidi, na umbali hupunguza mvuto. Siidharau hesabu hii. Bila kuhesabu, barabara itapita mbele ya nyumba ya mwenye sauti kubwa. Hata mwendokasi ulioanza kubeba abiria Dar mwaka 2016 ulihitaji mtu akadirie kwanza wangapi watapanda.

Lakini ndani yake kuna imani iliyojificha: kwamba alichofanya mtu jana ndicho anachohitaji. Aliyekosa nauli anaonekana sawa na asiye na pa kwenda. Kisha mtaa wenye sifuri nyingi unapangiwa mabasi machache, na mabasi machache yanazaa sifuri nyingine.

Nilipokwenda likizo nyumbani Nkunga, nilimuuliza bibi swali lile lile. Akashangaa. "Safari? Mimi sijasafiri tangu ule msiba wa Mbeya." Na ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka barabarani, alikopeleka mkungu wa ndizi kichwani uchukuliwe na Noah ya Tukuyu. Kwetu safari ina begi na kuagana. Kutembea na mzigo ni kazi tu. Kwa hiyo kuna sifuri ya asiyeweza kwenda, na sifuri ya anayekwenda kila siku bila yeye mwenyewe kujihesabu.

Je, nilimdhulumu yule mama? Nilifuata maelekezo, na sikuandika uongo. Lakini mtu anaweza kuandika kweli tupu na bado akamfuta mwenzake, iwapo swali lenyewe halikumwachia nafasi. Nadhani nilikuwa na deni kwake, japo la mstari mmoja pembeni mwa karatasi.

Siku hizi, kila nikishika dodoso, naongeza swali: Wapi ulitaka kwenda usiende? Wasimamizi hawalipendi, maana majibu yake hayajumlishiki kirahisi.

Bibi nilipomuuliza hilo, hakufikiri hata kidogo.

"Kyela," alisema. "Kwa dada yangu."